Mbolea inayopaa, mabua yanayochomwa na jaruba linalotoa mapovu: maswali yenu ya udongo

Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, udongo na hii habari ya gesijoto, zile gesi zinazopasha dunia joto, ambayo siku hizi ukifungua redio unaikuta. Nimechagua tano. Nyingine nimezifupisha maana mwenyewe alieleza mpaka mpaka wa shamba na jirani, mnisamehe.

Bibi shamba shikamoo. Nalima mahindi heka nne huku Mbozi. Kwenye semina tumeambiwa mbolea za chumvichumvi ndo zinaharibu hali ya hewa na zinaua udongo. Mimi kukuzia nategemea urea, nikiiacha watoto watakula nini? Na nina mifuko sita ndani.

Marahaba mwanangu. Hiyo mifuko usiiuze. Aliyewafundisha hakuwadanganya ila alieleza nusu, na nusu aliyoiacha ndo inayokuhusu wewe.

Naitrojeni ya kwenye urea ukishaiweka shambani, vijidudu vya udongoni vinaigeuza kwanza kuwa amonia alafu kuwa naitreti, na hiyo naitreti ndo mahindi yanakunywa zaidi. Sasa mvua kubwa ikipiga udongo ukajaa maji hewa ikakosekana, vile vijidudu vinakosa oksijeni ya kupumua, vinaanza kuichomoa kutoka kwenye naitreti yako, na kinachobaki kinapaa kama gesi, nyingine ni naitrojeni ya kawaida isiyo na shida na nyingine ni nitrasi oksaidi, tuiite N2O, ambayo kilo moja yake kwa miaka 100 inapasha dunia joto kama kilo 273 za hewa ukaa (kaboni dayoksaidi).

Tupige hesabu ya mfuko mmoja, mana mbele ya mkulima hesabu hii huwa haipigwi. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa iyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. IPCC, lile jopo la kimataifa la tabianchi, kwenye makadirio yao ya kawaida wanachukulia asilimia 1 ya naitrojeni uliyoweka inaishia kuwa N2O, hiyo ni gramu 230, ukijumlisha na uzito wa oksijeni inakuwa kama gramu 360 za gesi. Zidisha mara 273, unapata karibu kilo 100 za hewa ukaa, ni kama umechoma lita 37 hivi za dizeli, na hapo sijagusa gesi iliyotoka kiwandani wakati urea inatengenezwa. Ila vipimo vilivyofanywa kwenye mashamba ya wakulima wadogo magharibi mwa Kenya vilikuta hata hiyo asilimia 1 haifiki, sababu mbolea wanayoweka ni kidogo na mahindi yana njaa yanaiwahi. Gesi inapanda kwa kasi pale unapoweka zaidi ya mmea unavyoweza kula, au unapoiweka wakati mmea hauko tayari kula.

Na kuna kitu kingine ambacho wanaokataza mbolea hawakihesabu. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikaa Abuja wakaweka lengo la kilo 50 za virutubisho kwa hekta, Mei 2024 wamekutana tena Nairobi kwa ajili ya mbolea na afya ya udongo kwa sababu hatujafika. Mkulima asipovuna gunia za kutosha kwenye heka aliyonayo anaenda kufungua nyingine kwenye miombo, anakata, anachoma, na kaboni inayotoka kwenye heka moja ya msitu uliofyekwa ni nyingi kuliko ya mifuko yako sita kwa miaka mingi sana. Mahindi yaliyoshiba kwenye heka nne zako ni ulinzi wa msitu, hilo nalisema mchana kweupe.

Sasa hasara yako wewe. Umeshawahi kumwaga urea juu juu asubuhi, jua likawaka, ukapita jioni ukasikia harufu kali inapanda puani? Ile ni amonia na ile ni hela. Kwenye joto na udongo wenye unyevu kidogo unaweza kupoteza robo ya naitrojeni yote kwa njia hiyo, yaani karibu kilo 6 kwa kila mfuko, na udongo ukiwa na magadi unapoteza zaidi. Kwa iyo chimba kishimo kama urefu wa kidole pembeni ya shina, weka, fukia, wala usipitishe siku. Gawa mara mbili, mahindi yakifika magotini na tena kabla hayajatoa mbelewele, na ukiona wingu limekaa vibaya la mvua ya kufurika subiri ipite kwanza. Ni kazi ya mgongo najua, ndo mana watu wanamwaga, ila mkulima anayefukia anaweza kuweka pungufu na akavuna kilekile.

Alafu kapime pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo. Udongo ukiwa na asidi sana vile vijidudu vinashindwa kumalizia kazi ya kuigeuza N2O kuwa naitrojeni ya kawaida, kwa iyo inatoka ikiwa bado N2O, na mizizi nayo inafupika haifikii mbolea. Na urea yenyewe ukiiweka miaka nenda rudi bila kurudisha kitu inaongeza hiyo asidi, hapo ndo penye ukweli wa hayo maneno ya kuua udongo. Chokaa ya kilimo inarekebisha (nayo inatoa hewa ukaa kidogo ikiyeyuka, lakini inalipa), na mbolea ya Minjingu ya pale Manyara ni nzuri kwenye udongo wa namna hiyo kwa sababu ule mwamba wa fosfeti una kalsiamu na asidi ndo inauyeyusha. Usinunue chokaa kwa kukisia, peleka udongo upimwe kwanza, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Muheza kazi yao kubwa ni udongo na chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro wanapima pia.

Habari dada, mimi niko Kiteto. Nimeambiwa nisichome mabua, niyaache yafunike ardhi. Nimeyaacha miaka miwili, kila mwaka ng'ombe wa wenzetu wanaingia wanamaliza yote mwezi wa nane. Nisipochoma naonekana mjinga. Na mbona nikichoma mazao yanatoka vizuri?

Kaka yangu, huonekani mjinga na swali lako la mwisho ni zuri kuliko unavyodhani. Mazao yanatoka vizuri kwa sababu majivu yanabaki na potasiamu na fosforasi, yanapunguza asidi kidogo, na moto unaua mbegu za magugu. Mwaka wa kwanza unaona tofauti kwa macho. Kisichoonekana ni kwamba naitrojeni karibu yote ya kwenye yale mabua imeenda na moshi, salfa sehemu kubwa nayo imeenda, na kaboni ambayo ingekuwa chakula cha minyoo na vijidudu imeisha kwa dakika kumi. Hewa ukaa ya mabua ukiichukua peke yake sio hoja kubwa kwa sababu mahindi yaliivuta hewani msimu uleule, hata kwenye mahesabu ya kimataifa haihesabiwi kama mpya, lakini moshi una methani, gesijoto nyingine, na ile N2O, na hizo zinahesabiwa. Unarudia hivo miaka kumi, udongo unabaki kama unga wa kusaga, mvua ya kwanza inaupeleka korongoni.

Suala la ng'ombe sina jibu jepesi na simwamini mtu anayekuja Kiteto na jibu jepesi. Mabua kiangazi ni malisho, mfugaji naye ana watoto. Kinachofanya kazi ni makubaliano ya kijiji, sheria ndogo inayosema mashamba gani yanalishwa na lini, na mfugaji akilisha kwako basi ng'ombe walale humo siku kadhaa wakuachie samadi na mkojo, mabua yako yanakurudia kwa njia nyingine. Shinyanga walifika mbali na jambo la namna hii, ile ngitili ya Wasukuma, eneo la malisho linafungwa mvua zikianza linafunguliwa kiangazi kikikolea. Mwaka 1986 mradi wa HASHI, wa kuhifadhi ardhi Shinyanga, ulipoanza zilikuwa zimebaki kama hekta 600, baadae zikavuka hekta laki tatu, sehemu iliyokuwa inaitwa jangwa ikarudisha miti. Waliofanya hivo ni wafugaji hao hao, kwa sheria zao za kimila.

Jingine panda mbaazi katikati ya mahindi. Ukishavuna mahindi mbaazi zinabaki shambani kijani mpaka mwezi wa saba au wa nane, kila mtu anaona kuna mazao, kuingiza ng'ombe ni kesi. Zinadondosha majani chini muda wote huo, mizizi inaenda chini kulitoboa lile tabaka gumu la plau, na naitrojeni zinatengeneza zenyewe kutoka hewani. Fiwi nayo inafaa. Ukitaka kuona watu walioelewa mambo haya kabla ya semina nenda Mbinga kwa Wamatengo ukaone ngoro. Milima mikali kabisa, wanafyeka majani wanayapanga kwa miraba kwenye mteremko, wanachimba udongo wa katikati wanafunika yale majani, katikati linabaki shimo la kushika maji na pembeni matuta yaliyojaa majani ndani yanaoza taratibu, wanapanda maharage, msimu unaofuata mahindi. Hakuna aliyewaletea hayo na mradi. Mimi ngoro nikiziangalia huwa nakaa kimya.

Ila nisikudanganye pia kwamba ukiacha plau tu kaboni inajaa udongoni yenyewe. Bila kutifua, kaboni inaongezeka zaidi sentimita chache za juu, chini mara nyingi haibadiliki sana. Faida utakayoiona haraka ni maji, shamba lililofunikwa linavumilia wiki mbili za ukame wakati la jirani limekunja majani.

Dada, sisi ni wakulima wa mpunga Mbarali. Tumesikia eti jaruba letu linatoa gesi sawa na ng'ombe. Ni kweli au ni maneno ya kututoa bondeni?

Kweli, na naelewa kwa nini mnaogopa, Usangu mmeshahamishwa hamishwa mpaka kila mtaalamu anayekuja na kipimo mnamuona amekuja na notisi. Hili halihitaji mtu kuondoka. Linahitaji kubadilisha namna ya kuweka maji.

Ingia jarubani mguu mtupu, kanyaga tope, yale mapovu yanayopanda ndani yake kuna methani. Maji yakikaa wiki nyingi bila kukauka udongo unakosa hewa kabisa, vinastawi vijidudu vya aina ileile ya tumboni mwa ng'ombe, vinakula mabua na mizizi iliyooza vinatoa methani. Na nyingi haipandi hata kwa mapovu, inapitia ndani ya mpunga wenyewe, mana mpunga una vijinjia vya kushusha hewa kwenye mizizi na gesi inapanda kupitia humo humo kama moshi kwenye dohani. Methani kilo moja kwa miaka 100 ni kama kilo 27 za hewa ukaa, lakini haikai hewani muda mrefu, ndo mana ukiipunguza leo matokeo yanakuja mapema.

Njia ni kulowesha na kukausha kwa zamu. Chukua bomba la plastiki la upana wa kiganja, urefu kama sentimita 30, toboa matundu nusu ya chini, lichomeke jarubani toa tope la ndani. Weka maji yafike sentimita 5 juu ya udongo alafu yaache yashuke yenyewe. Juu patakauka, patapasuka kidogo, roho itakudunda, usiogope, chungulia kwenye bomba, kama maji yako chini ya udongo sentimita 15 au pungufu mizizi bado inakunywa. Yakishuka zaidi ya hapo ndo unafungulia tena. Wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza acha maji yakae jarubani ili magugu yasikushinde, na wakati wa kuchanua usikaushe hata siku moja. Methani inapungua karibu nusu, maji unaweza kuokoa mpaka asilimia 30. N2O inaongezeka kidogo kwa sababu hewa inaingia na kutoka, ila haifuti faida, labda uwe umemwaga urea nyingi siku ulipokausha.

Wengi wenu mnaijua hii ndani ya kilimo shadidi, miche michanga ya siku 8 mpaka 14, mche mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25. Kilianzia Madagascar miaka ya 80 kwa padri Mfaransa Henri de Laulanié, Mwea kule Kenya walikianza 2009. Kinachokwamisha sio elimu. Kinachokwamisha ni zamu za maji, kama mfereji unakufikia mara moja kwa siku kumi na hujui lini tena, ukiyapata unajaza jaruba mpaka kingo, nani atakulaumu. Kwa iyo hili lianzie kwenye chama chenu cha watumia maji, mkubaliane zamu fupi za uhakika alafu ndo bomba linakuwa na maana. Na mnajua nani yuko chini yenu. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, mto ambao haukuwa na tabia hiyo, viboko wakabaki kwenye vidimbwi vya tope. Maji mtakayoyaacha yapite yana kazi mpaka bwawa la Mtera.

Na majani ya mpunga msiyafukie mabichi siku mnapojaza maji, hapo mnawapikia wale vijidudu pilau. Yafukieni mapema udongo ukiwa mkavu, mwezi au zaidi kabla ya maji, yaozee kwenye hewa.

Bibi, nina ng'ombe watatu wa maziwa wa ndani, Rungwe. Samadi naitupa nyuma ya banda, mvua inanyesha juu yake mwaka mzima. Nitajuaje kama bado ina nguvu?

Mwanangu, ile maji nyeusi inayochuruzika kuelekea kwenye migomba ya jirani ndo nguvu yenyewe inaondoka. Ezeka banda dogo hata la makuti ya migomba au funika turubai, changanya samadi na mabua au maranda ili hewa ipite, geuza kila wiki mbili tatu. Rundo lililoloa na kushindiliwa linatoa methani kama jaruba. Choma kijiti kirefu katikati, ukikichomoa cha moto mambo yanaenda, kikiwa baridi na rundo bado linanuka geuza, kikiwa baridi na rundo linanukia udongo wa msituni peleka shambani. Mkojo uwe na mfereji wake uingie kwenye maranda, naitrojeni nyingi iko kwenye mkojo na watu wanauacha unapotea sakafuni. Ukipata uwezo wa mtambo wa bayogesi, ng'ombe watatu wanatosha kabisa, ile methani unapikia na tope linalotoka ni mbolea.

Madam, salamu kutoka Bungoma. Kuna watu wanazunguka na fomu, wanasema tukipanda miti na kuweka mboji tutalipwa pesa ya kaboni miaka ishirini. Nina ekari mbili na nusu. Nisaini?

Usisaini wiki hii. Nipe nafasi nikueleze, kwa sababu wewe uko mahali ambapo jambo hili lilishajaribiwa, pengine hata jirani yako alikuwemo.

Bungoma na Kisumu ndo kulikuwa na mradi wa kaboni ya kilimo wa Vi Agroforestry, shirika la Sweden la kilimo cha miti, pamoja na Benki ya Dunia. Januari 2014 walipata hati zao za kwanza za kaboni ya udongoni, zile zinazouzwa sokoni kwa tani, tani 24,788 za hewa ukaa, dunia nzima ikashangilia. Wakulima walikuwa karibu 30,000. Gawanya mwenyewe, haifiki tani moja kwa mkulima, na tani kwenye soko ni dola chache, tena kabla hawajatoa gharama za wapimaji. Walichopata cha maana zaidi ni mavuno, mana mboji, matandazo na miti ya kurutubisha vilipandisha mahindi. Pesa ya kaboni ilikuwa ya chai.

Kwa nini inakuwa ndogo hivo? Udongo wa ekari moja, sentimita 20 za juu, una uzito wa zaidi ya tani elfu moja. Kupandisha kaboni yake kwa asilimia 0.1 tu ni tani moja ya kaboni, sawa na tani 3.7 hivi za hewa ukaa. Sasa samadi au mboji ukiiweka, sehemu kubwa ya kaboni yake inaliwa na vijidudu na kurudi hewani kwenye miaka michache, inayobaki ni kama sehemu moja kati ya nane au kumi, kwa iyo ile tani moja ya kubaki inakudai zaidi ya tani 20 za samadi kavu. Una ng'ombe wangapi? Pale Kabete, Nairobi, kuna shamba la majaribio linalopimwa tangu 1976, na kaboni imeshuka hata kwenye vipande vinavyopewa samadi na mbolea pamoja, ila imeshuka taratibu kuliko vile visivyopewa kitu. Huku kwenye joto letu kazi ya kwanza ni kuzuia isikimbie. Mtu anayekuahidi kuijaza kwa haraka na kukulipa kwa kila tani ana hesabu ambayo mimi sijaiona.

Miti ni tofauti, kaboni yake inaonekana na inapimika, kwa iyo kwenye fomu angalia wanakulipa kwa mti au kwa udongo. Angalia wanapima vipi, nani analipia upimaji, wanachukua asilimia ngapi, na ukikata mti mmoja wa karo ya mtoto kinatokea nini. Miaka ishirini ni mingi, mtoto wako anaweza kutaka kujenga hapo. Sheria yenu ya Kenya iliyorekebishwa 2023 inataka miradi ya ardhi irudishe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii, lakini hiyo imewekwa kwa ardhi ya jamii na ya umma, shamba lako lenye hati ni lako binafsi na kinachokulinda ni maneno ya kwenye karatasi. Waambie wakuachie nakala ya Kiswahili uisome nyumbani na mwenzio na mwalimu mmoja wa hapo kijijini. Wakikataa kuiacha, umeshapata jibu. Wakiiacha nitumie picha ya kila ukurasa, ile ya kuvunja mkataba usiisahau, nitaisoma na toleo lijalo tutaipitia hapa kipengele kwa kipengele bila kutaja jina lako.